Kuitwa kwa Mathayo ndani ya soko la leo: watu wanaonekana wamebandikwa, nirekebishe wapi?

Kisanduku
Wakuu, habari zenu. Naandaa fotomontaji (picha moja iliyounganishwa kutoka picha kadhaa) ya kuitwa kwa Mathayo (Mathayo 9:9). Mathayo ni mtoza ushuru wa soko, yuko mezani na mashine ya POS, daftari na chenji. Pembeni yake vijana wanne, na Yesu na Petro wanaingia kutoka kulia. Mandhari ni banda la soko lililopigwa kwa simu saa kumi jioni, jua likiingia kutoka kushoto. Watu saba wamepigwa mmoja mmoja ukumbini kwa lenzi ya milimita 85, mbele ya kitambaa cha kijani, flashi moja kwa mbele. Nimewakata kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kusawazisha rangi, lakini bado wanaonekana wamebandikwa na miguu inaelea. Nataka kuchapa karatasi kubwa ya A1 (sm 84 × 59) kwa maonyesho. Nianzie wapi?

Mpima_Mwanga
Mkuu, rangi iache kwanza. Tatizo limeanzia kwenye upigaji, na programu haiwezi kulitibu.

Jinsi mtu anavyokaa ndani ya nafasi huamuliwa na umbali na kimo cha kamera. Lenzi inaamua tu kipande kinachoonekana. Atakayesimama mita 4 kutoka kwenye kamera ndani ya banda apigwe kutoka mita 4. Wa mita 6 apigwe kutoka mita 6. Banda lako limepigwa kwa karibu na kwa upana, watu wamepigwa kwa mbali, kwa hiyo nyayo zao zinaonekana kwa pembe isiyolingana na sakafu. Ndiyo maana wanaelea.

Pima hivi: kwenye picha ya banda, refusha kingo za meza na mistari ya paa zinazoelekea ndani mpaka zikutane. Hapo ndipo usawa wa jicho la kamera. Kama kamera ilikuwa sm 130 juu ya sakafu, mstari wa usawa huo lazima umkate kila aliyesimama kwenye sm 130 za mwili wake, awe mbele au nyuma, mradi sakafu ni tambarare. Ukimkuta mmoja anakatwa kifuani na mwingine kiunoni, na urefu wao unalingana, umeshapata kosa.

Ningerudia picha zote, ya banda na za watu. Kamera ile ile, lenzi ya milimita 50 (35 kwa kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo), tripodi sm 120, kamera isiinamishwe. Sm 120 ni karibu na macho ya mtu aliyeketi, hivyo mtazamaji anakaa usawa mmoja na Mathayo, na Yesu anapanda juu ya walioketi bila kumkuza. Weka alama za tepu pale sokoni kwa nafasi ya kila mtu, pima, uzihamishie ukumbini. Meza iwe halisi ya kimo kile kile. Kiganja kilichokaa hewani hujulikana hata ukichora kivuli.

Mwanga nao unapimika. Simamisha fimbo ya mita 1 juani: kivuli cha mita 1 maana yake jua liko nyuzi 45, kivuli cha mita 1.7 ni nyuzi 30. Weka flashi pembe hiyo, upande huo, mita 4 au zaidi, bila softiboksi (kisanduku cha kulainisha mwanga), kwa sababu kivuli cha jua kina ukingo mkali. Ubao mweupe upande wa pili ujaze kidogo. Kitambaa cha kijani kitoe, kinatupa kijani shingoni na kwenye nguo nyeupe. Tumia cha kijivu, mtu asimame mita 2 mbele yake. ISO 100, f/8, joto la rangi lifungwe 5500 K, piga RAW (faili ghafi ya kamera).

Neno_na_Sura
Naongezea upande wa hadithi, kwa sababu hapa kuna kosa ambalo tripodi haitalitatua. Jua lako linatoka kushoto na Yesu anatoka kulia. Katika mchoro wa Caravaggio wa tukio hili (1599–1600, kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma) mwanga unatoka kulia juu, upande wa Yesu, unapita juu ya mkono wake na kuwafikia walioketi. Dirisha lililopo ukutani halitoi mwanga wowote. Mwito wenyewe ndio mwanga. Kwako unatoka mgongoni mwa Mathayo. Ama Yesu aingie kushoto, ama upige banda asubuhi. Ukigeuza picha ya banda kama kioo, angalia maandishi ya mabango, yatakuumbua.

Mavazi nayo yanataka uamuzi. Caravaggio aliwavisha watoza ushuru nguo za zama zake mwenyewe, akamwacha Yesu na Petro na mavazi ya kale, miguu mitupu. Mchoraji Elimo Njau, kwenye michoro ya ukutani ya kanisa la Murang'a miaka ya 1950, aliihamishia hadithi ya Yesu kwenye vilima vya Wagikuyu. Njia zote mbili zinasimama. Isiyosimama ni Yesu wa kanzu ya maigizo ya Krismasi na Petro wa jinzi.

Na POS peke yake haitoshi. Ushuru uonekane unamuuma mtu: mama mwenye tenga la nyanya anasubiri, risiti imetoka nusu kwenye mashine, kidole cha Mathayo bado kiko kwenye kitufe. Hapo tunajua anachokiacha. Luka anasema aliacha vyote.

Usitumie nembo ya halmashauri halisi. Walioigiza wakupe ridhaa ya maandishi inayotaja nafasi ya kila mmoja. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mkasi_na_Gundi
Mishono si lazima ifichwe. Msanii Romare Bearden, New York 1964, alikata picha za magazeti, akaunganisha nyuso kwa vipande na mikono mikubwa kuliko mwili, kisha akazikuza kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kazi yake iitwayo Ubatizo ni mojawapo. Ukubwa usiolingana ndio unaosema.

Kwa njia hiyo, picha ulizonazo zinatosha. Chapa kwenye karatasi isiyong'aa ya gramu 160, kata kwa kisu, bandika kwa gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunja karatasi na kuchuruza wino. Tengeneza A3, skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600. Ukikuza mpaka A1 unabaki na 300. Ila usichanganye: sita wamefichwa mishono na mmoja ana ukingo wa mkasi, huyo ataonekana umemsahau.

Kisanduku
Nashukuru sana wakuu. Nitaficha mishono, na banda narudia asubuhi. Kivuli cha miguu kinachorwaje? Na A1 inataka pikseli ngapi?

Mpima_Mwanga
Vivuli ni viwili, kila kimoja leya (tabaka) yake, modi ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake. Cha mguso kinakaa chini ya soli kabisa, chembamba, karibu na weusi. Hiki ndicho watu husahau, na ndicho kinachomshusha mtu sakafuni. Cha kutupwa kifuate mwelekeo na urefu wa kivuli cha fimbo yako. Rangi yake ichukue kwenye kivuli kilichopo bandani, usitumie nyeusi tupu. Ukungu wake uongezeke kadiri kinavyoachana na mguu, na kikifika mguu wa meza au ukuta, kikunje pale.

Ukingo wa maski (umbo ulilomkatia mtu) usogeze ndani pikseli 1. Kisha tazama picha yote bila rangi: aliye ndani ya banda asiwe na weusi mzito kuliko nguzo iliyo jirani yake. Chembechembe za picha (grain) ongeza mwisho, leya moja juu ya wote.

A1 kwa dpi 200 ni pikseli 6622 × 4677. Kamera ya megapikseli 24 inatoa 6000 × 4000, kwa hiyo banda lipige fremu tatu za wima zinazopishana asilimia 30, uziunganishe kwa projeksheni inayoacha mistari imenyooka. Unapata karibu 9600 × 6000. Watu nao wapige wima, umbali ule ule, wataingia bila kukuzwa hata mmoja. Kabla ya kulipia A1, chapa kipande cha A4 kwa ukubwa kamili: uso wa Mathayo, mkono na ile risiti.