Konyeza wanaofanana: DNA inachukuliwaje?

MkondoTudor: Wadau, konyeza wawili wameopolewa Tudor, Mombasa, wote wafanana na Aurelia (jenasi ya konyeza). Wako kwenye formalini 4%. Vipimo vya DNA vitakubali?

Mwambani: Formalini huhifadhi umbo lakini huharibu DNA, kwa hiyo opoa wengine. Mpige picha angali hai, kisha kata kipande cha sentimita 1 ukingoni mwa mwavuli. Usikate tumboni, utasoma DNA ya chakula chake! Tia kwenye ethanoli (alkoholi) 95%, ujazo mara 10 ya kipande. Konyeza karibu wote ni maji, ethanoli huzimuliwa upesi; ibadilishe baada ya saa 24. Mwili uliobaki ndio uende formalini, uwe kielelezo.

PwaniJeni: Naongeza: PCR (kunakili DNA maabara) ikigoma, mara nyingi ni ute wa konyeza unaozuia. Zimua DNA 1:10, ujaribu tena. Soma jeni mbili za kutambulisha spishi, COI pamoja na 16S. Praima za Folmer za COI (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) hukwama kwa baadhi ya konyeza. Na jina la GenBank, hifadhidata ya DNA, usilimeze tu. Wengi walioandikwa Aurelia aurita ni spishi nyingine, watafiti Dawson na Jacobs walilionyesha hilo 2001.

MkondoTudor: Shukrani. Spiriti ya dukani je, badala ya ethanoli?

Mwambani: La, ina viongezo.