Mrejesho: punda wa Lamu na picha zenye ukungu

Wiki iliyopita niliwauliza kwa nini kila nikimpiga picha punda akifanya vituko, inatoka na ukungu. Mkaniambia nipandishe kasi ya shata (kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga) hadi 1/1000 ya sekunde, nipige mfululizo, nishuke usawa wa macho yake. Ahsanteni sana ndugu zangu!

Jana asubuhi nililala kifudifudi pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Punda akapiga mwayo, midomo imepinduka, meno yote nje. Nyuma yake paka kakodoa macho kama aliyeitwa jina. Kati ya picha 20, moja ndiyo yenyewe: hata vinyweleo vya kidevu unavihesabu. Mwenye punda alicheka hadi kofia ikamdondoka. Namsafishia picha yake leo.

Vichochoroni bado giza linanishinda. Nikipandisha ISO (kamera ihisi mwanga zaidi) hadi 3200, picha inatoka chenga tupu.