Sukari ya mimba iliisha nilipojifungua, sasa miaka 4 naambiwa "uko mlangoni". Naombeni ushauri

Mama Wawili (mleta uzi)
Habari zenu wapendwa, toka jumapili sijatulia. Nina miaka 33, niko Mbagala. Mimba ya mtoto wa pili 2021 niliambiwa nina kisukari cha mimba, nikapewa masharti ya chakula nikayashika, nikajifungua salama mtoto kilo 4.1, sukari ikashuka wakasema nimepona, basi nikarudi kwenye maisha yangu. Sasa juzi kanisani walikuja kupima bure, nilikua sijala toka usiku, mashine ikasoma sukari 6.4 na presha 138/88. Yule dada akasema bado sio kisukari ila uko mlangoni. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, mimi ndo nilikua namfunga kidonda, kwahiyo naogopa kweli. Nina duka, nakaa kwenye kiti toka saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku. Jirani kaniletea unga wa mlonge. Nianze dawa? Na mume wangu anataka tuongeze mtoto.

Nesi wa Zamu
Pole mdogo wangu, kwanza tulia. Kisukari tunaanza kuita sukari ikifika 7 ukiwa hujala, tena kipimo kirudiwe siku nyingine, lakini kuanzia 6.1 mpaka hapo katikati ni mlango kweli. Nenda hospitali upime tena ukiwa hujala masaa 8, waombe na kile cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Walikosea kukwambia umepona yakaisha. Ukishapata kisukari cha mimba unatakiwa upime tena wiki 6 mpaka 12 baada ya kujifungua, alafu uendelee kupima kila mwaka mmoja hadi mitatu maisha yako yote, maana uko kwenye hatari kubwa kuliko wenzako. Hili linaniuma sana, wamama wengi wanakuja kliniki kwa ajili ya chanjo ya mtoto, mtoto anapimwa uzito, mama hakuna anayemgusa. Dawa daktari ndo ataamua, wengi wa hatua yako wanaanza na chakula na kutembea. Mlonge pika kama mboga, usiuweke badala ya hospitali. Mtoto wa tatu unaweza kupata, ila pima kabla hujashika mimba, na siku ya kwanza kliniki sema mwenyewe kwamba ulishawahi, usisubiri kuulizwa.

Bi Tandika
Mamy mie yalinikuta hayo hayo. Nilianza na chai bila sukari, wiki ya kwanza ilikua kama nakunywa maji ya kuoshea vyombo, sasa hivi nikiwekewa sukari inanikera. Ugali nikaushusha ukawa saizi ya ngumi yangu, sehemu iliyobaki kwenye sahani ni matembele na dagaa. Juisi niliacha hata ya nyumbani, embe nakula lenyewe. Na asubuhi nashuka daladala vituo viwili kabla natembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Wewe wa duka kila mteja akitoka simama, panga hata mzigo.

Baba Kulwa
Shemeji naongea kama mume. Wife alikua anajipikia mboga zake pembeni huku sisi tunakula wali na nyama ya kukaanga, akashindwa mara mbili. Tulivyokubali nyumba nzima chungu kimoja ndo akaweza. Mwambie mzee asome huu uzi. Na hiyo presha yako angalia chumvi, mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo uhesabu mpaka iliyomo kwenye viungo vya pakti.

Mama Wawili
Asanteni sana, nimesoma nikalia. Nimemsomea mume wangu ya Baba Kulwa, kanyamaza kidogo alafu kasema sawa, tutakula wote. Nimejipima kiuno kwa futi ya fundi, sentimita 94. Alafu nimeitafuta ile kadi ya kliniki, ilikua kwenye begi la nguo za mtoto, nyuma kabisa kuna mwandiko wa kalamu nyekundu: "arudi wiki 6 kupima sukari". Hakuna aliyenisomea na mimi sikugeuza. Jumatatu saa 1 nipo maabara, sijala.