Vitabu vitatu vya vibwengo vya Steve Augarde: cha pili nikiruke?

mama_wawili
Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri kwa mliosoma zile hadithi za Steve Augarde, yaani The Various (2003), halafu Celandine, halafu Winter Wood. Binti yangu ana miaka 10, cha kwanza kakimeza, kutwa ananisimulia habari za Midge na yule farasi mdogo mwenye mabawa, Pegs, aliyemkuta kaumia kabanwa na mashine bandani kwa mjomba wake huko Somerset, Uingereza. Sasa tumefungua cha pili, Midge hayupo! Shamba ni lilelile ila tumerudishwa mpaka enzi za Vita Kuu ya Kwanza, kuna msichana mwingine kabisa ndo Celandine, mtoto kanuna hataki hata kusikia. Nimpe tu cha tatu aendelee na Midge wake au nikomae naye hapahapa? Halafu kuna mtu kaniambia cha pili kinaliza, ni kweli?

msomaji_usiku
Usiruke dada. Celandine si mgeni, ni wa ukoo wa Midge wa zamani, na kilima chenye msitu wanamoishi vibwengo ni kilekile, na hao watu wadogo ni walewale. Cha tatu kimejengwa juu ya mambo aliyoyafanya yeye, kuna lile jiwe la Touchstone na ile Orbis, vitu vya thamani vya wale watu wadogo, ukiingia bila kujua Celandine alihusikaje navyo utakuwa unasoma huku unauliza "hii nayo imetoka wapi". Mwambie tu Midge anarudi, asikate tamaa.

Kuhusu kuliza, ndiyo. Kaka yake Celandine, Freddie, anakufa vitani, na yeye mwenyewe kapelekwa shule ya bweni anayoichukia mpaka anatoroka, na kurudi nyumbani anaogopa maana watamrudisha, ndo anakimbilia msituni. Kwa miaka 10 msomee wewe, usimwachie mwenyewe kitandani usiku.

kobe_mzee
Mimi napingana kidogo na mdau hapo juu. Si kwamba kirukwe, ila tuseme ukweli, hivi vitabu ni vinene na mwandishi hana haraka hata chembe. Kile cha kwanza chenyewe kurasa kibao Midge anazunguka tu shambani, mama yake msanii wa muziki yuko ziarani, mjomba Brian anahangaika na mambo yake, na mtoto asiye na subira anaweka chini kabla hata hajafika kwa Pegs. Binti yako kavuka hapo, hongera yake, lakini ukimlazimisha cha pili saa hizi kanuna utamchukiza vyote. Kiweke kabatini mwaka mzima. Kwani kinaoza?

zuu_wa_riwaya
kobe umenichekesha 😂 ila huo mwendo wa polepole ndo unafanya uamini. Mimi nilichopendea hapa ni kwamba vibwengo wake si wale wa kijiti chenye nyota na gauni la waridi. Wana njaa! Wamejibana kwenye kamsitu kadogo makabila matano, Ickri wenye mabawa wanawinda kwa upinde, Naiad wanalima, Wisp wanavua, halafu Troggles na Tinklers wanaishi mapangoni, na wanatazamana kwa jicho baya kama watu wanaochangia choo kimoja. Sisi binadamu wanatuita Gorji na hawatuamini kabisa. Wakati huohuo mjomba hajui lolote anataka kuuza ardhi yenye msitu wao, yaani mtu mzuri tu, hana ubaya na mtu, na ndiye anayetaka kuwamaliza. Hapo nilimkubali sana mwandishi, hakututengenezea tajiri mwenye sharubu wa kuchukiwa. (Mbaya yupo, Scurl, lakini huyo ni wa kwao wenyewe.)

Na lile pambano na paka jamani!! Paka wa kawaida wa shambani, Tojo, ukimtazama kwa macho ya mtu mdogo unasahau kabisa kwamba huyu mnyama wewe huwa unampa maziwa.

mama_wawili
Zuu hapo kwa paka binti alikataa kulala 😅. Asanteni. kobe wazo la kabatini nimelielewa ila huyu akijua cha tatu kipo ndani ataiba.

msomaji_usiku
Basi anza na kipande cha Celandine akikutana na wale watu kwa mara ya kwanza, msomee kwa sauti, usimwambie ni "kitabu cha pili". Kilichomnunisha ni kumkosa Midge, akishasikia Ickri wamerudi atatulia. Baadaye mtarudi mwanzo.

kobe_mzee
Kusoma kuanzia katikati? Hapana bwana, hiyo siiungi mkono. Bora mama asome zile sehemu za shule kwa kufupisha kwa mdomo, "akaonewa, akachoka, akatoroka", halafu akifika msituni ndo afungue kitabu. Ila ya Freddie usifupishe.

zuu_wa_riwaya
Hilo la Freddie naunga mkono. Na tafadhali anayejua mwisho wa Winter Wood asimwage mtama humu, mimi mwenyewe niko katikati.