Walimu wanagoma Jumatatu, nimebaki na watu wazima sita. Nifungue shule?

Naibu_wa_Zamu
Wadau, habari za jioni. Mimi ni naibu mkuu wa shule ya msingi ya kutwa, wanafunzi mia nne na ushee. Notisi ya mgomo imeshatoka, na kwa hesabu yangu Jumatatu tutabaki walimu watatu na mimi, karani na mlinzi. Mkuu wangu anasema tufungue kama kawaida, "watoto watajisomea". Mimi nasita, na sababu ninayo.

Mgomo uliopita nilizungukia madarasa manane peke yangu. Nikiwa la pili, la tano wanapiga madawati. Nikifika la tano, la pili kimya. Kimya cha watoto wa miaka minane, mliolea mnakijua. Nikatoka nje, nikakuta jozi tano za viatu zimepangwa vizuri kabisa chini ya mnara wa tangi la maji. Nikainua macho. Hakuna aliyeanguka, namshukuru Mungu, lakini kuwashusha mmoja mmoja bila kupaza sauti kulinichukua karibu saa nzima, na muda wote huo yale madarasa mengine hayakuwa na mtu.

Halafu kuna hawa walimu watatu. Mmoja ameshatumiwa ujumbe, anaitwa msaliti. Nawalindaje bila kugombana na wenzao? Mliopitia haya, nisaidieni.

Nesi_wa_Shule
Mwalimu, anza na funguo. Sitanii. Kwetu mtoto mwenye pumu alibanwa saa nne asubuhi. Pampu yake iko kwenye droo ya mwalimu wa darasa, droo imefungwa, mwalimu yuko nje ya lango ameshika bango. Nilikimbia hadi kwenye uzio. Hakuuliza kitu, alichomoa ufunguo kwenye shada lake la funguo akanirushia. Tangu siku hiyo, kabla ya mgomo tunakusanya funguo zote, dawa za pumu, kifafa na kisukari, na namba za wazazi ambazo walimu huwa wanazo kwenye simu zao tu. Fanya hivyo Ijumaa, usingoje Jumatatu. Na msifunge lango la nyuma kwa mnyororo eti mnaogopa waandamanaji. Moto ukitokea mtapitia wapi?

Mgomaji_Mstaarabu
Mimi ni wa nje ya lango. Hatuna ugomvi na watoto, wala na hao watatu, ingawa siwezi kusema wametufurahisha. Ongea na mwakilishi wa chama hapo shuleni kwako kabla ya siku yenyewe, mkubaliane watoto wanapita wapi na sisi tunasimama wapi. Hao walimu waingie mapema, na usiwapange zamu ya langoni, ni kuwachongea. Ule ujumbe mwonyeshe mwakilishi. Haki ya kugoma haina kipengele cha vitisho.

Na mkuu asituite wahuni. Kamati ya uhuru wa kujumuika ya Shirika la Kazi Duniani haiuhesabu ualimu kuwa huduma ya lazima kwa maana yake finyu, ile ambayo kugoma kunaweza kupigwa marufuku. Na afadhali mfunge shule kuliko kuokota mtu yeyote wa kujaza pengo. Mtu ambaye hujamchunguza usimkabidhi darasa, hata awe na vyeti gani.

Mama_Wawili
Mie mzazi. Niambieni ukweli Jumapili mchana, nipate pa kumwacha mtoto. Mara ya mwisho nilipata ujumbe saa tatu asubuhi niko kazini: njoo umchukue. Nafika, naambiwa ameshachukuliwa na mjomba wake. Alikuwa mjomba kweli, lakini hakuna aliyemwuliza jina wala kuandika popote. Miguu iliniisha nguvu.

Naibu_wa_Zamu
Asanteni sana. Mkuu amekubali, baada ya mvutano. Tutapokea watoto wasiozidi sitini, wale tu ambao nyumbani hakuna mtu, wote ukumbini na walimu wao watatu. Mama Wawili, ujumbe unatoka Jumapili kabla ya adhuhuri, na anayemchukua mtoto ataandika jina na kusaini mbele ya karani. Ngazi ya tangi fundi anaing'oa kesho.

Funguo nimeshapata zote isipokuwa wa stoo, na kizimamoto cha akiba kimo humo. Aliyenao ndiye huyohuyo aliyetuma ule ujumbe. Nampigia usiku huu.