Makofi wanapata, alama za hoja hawapati. Nirekebishe nini?

Mlezi_wa_Mdahalo
Hamjambo wadau. Nalea chama cha mdahalo, kidato cha pili na cha tatu, hapa Nairobi. Mada ijayo: "Bodaboda zisiingie katikati ya jiji." Kila msemaji ana dakika 4. Mfano wa wanavyosema: "Bodaboda mmoja alimpora mama simu. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza!" Ukumbi unalipuka, jaji anatoa alama chache. Nianzie wapi?

Kalamu_na_Jukwaa
Mwalimu, anzia kwenye hiyo methali. Mwanafunzi ameona mwizi mmoja, akawahukumu wote. Hiyo ni jumla ya haraka, na methali imeifunika isionekane. Methali si ushahidi: ukileta "haraka haraka haina baraka", mpinzani atakurudishia "ngoja ngoja huumiza matumbo", na jaji hana la kuandika.

Waandike hotuba ya kwanza bila methali, tashbihi wala takriri (kurudiarudia maneno kwa msisitizo). Kila hoja iwe na dai, sababu na ushahidi. Dai: pikipiki zinahatarisha wanaotembea kwa miguu. Sababu: foleni ikikaza, zinapanda vijia vyao. Ushahidi: takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na mwaka wake utajwe; "utafiti unaonyesha" peke yake haitoshi. Hoja ikisimama hivyo, methali irudi, moja tu, baada ya ushahidi.

Hoja_kwa_Hoja
Wafunze pia kujibu hoja badala ya mtu. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, bungeni walichambua talaka yake. Talaka inahusianaje na bustani? Mfano huo wanafunzi wanauelewa mara moja.

Katika kujibu, kwanza arudie hoja ya mpinzani kwa maneno ambayo mpinzani mwenyewe angeyakubali. Hapa ndipo wengi huharibu: mwenzao amesema "zidhibitiwe", wao wanajibu "mnataka vijana wafe njaa". Wamemzulia hoja nyepesi ili waipige. Kisha aonyeshe pengo lilipo kati ya sababu na dai. Kutamka tu "hiyo ni hoja potofu" na kuketi hakutoshi, kwa sababu dai laweza kuwa kweli hata kama limetetewa vibaya.

Mlezi_wa_Mdahalo
Asanteni sana. Na maswali ya balagha, yale yasiyongoja jibu? Wanayapenda mno.

Kalamu_na_Jukwaa
Yana hatari yake. Swali la balagha hufaa pale tu ukumbi mzima una jibu moja kichwani. Ukiuliza "Nani hapa anahitaji bodaboda mjini?" nusu ya ukumbi itapaza sauti "Mimi!" na umewapa wapinzani hoja ya bure.

Sauti_ya_Tatu
Muda nao. Dakika 4 kwa Kiswahili ni kama maneno 400, maana maneno yetu ni marefu. Hoja mbili zinatosha. Tano zitakimbizwa na hakuna itakayosikika. Takriri iishie mara ya tatu. Na kabla ya kutaja takwimu, anyamaze sekunde mbili, asije akaitamka makofi yakiendelea.