Naomba ushauri: msichana wangu anachanganya simile na metafa na KCSE ya 2019, mtihani wa mwisho wa sekondari, imebakisha wiki tatu

MamaMitumba: Hamjambo wadau. Msichana wangu ako kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Nairobi, na Kiingereza inamtesa. Si kuongea, kuongea ananishinda. Shida ni haya maneno ya fasihi, simile, metafa, aironi, toni, anayakariri usiku, asubuhi yameenda. Jana nimefungua daftari yake nikakuta upepo umeimba kwa shairi na yeye ameita hiyo metafa, ticha amepiga kosa kwa kalamu nyekundu na kando akaandika tu "kielelezo kiko wapi?" Mimi nauza nguo Gikomba, niliachia darasa la nane. Kwa hizi wiki tatu asome nini na aache nini? Tafadhali msinicheke.

Mwalimu_Donholm: Hakuna wa kukucheka, mama. Upepo kuimba ni tashihisi, kitu kisicho na uhai kimepewa tendo la mtu. Na usimwanzishe na orodha mpya kwa sababu haya yote ameshayasoma kwa Kiswahili. Tashbihi ina "kama" ama "mithili ya", sitiari inasema moja kwa moja kitu hiki NDICHO kile. Hizo ndizo simile na metafa, basi. Toni ni vile mwandishi anaonekana kulichukulia jambo, ana hasira, ana huzuni, anadhihaki. Na kutaja jina pekee haitoshi, anukuu mstari wenyewe kisha aseme unamfanyia nini msomaji. Hiyo ndiyo ticha wake anaulizia.

Kaka_Githurai: Aironi ilinimaliza mimi 2009. Nilidhani ni bahati mbaya, nikaandika insha nzima ya mtu kuibiwa simu stejini Ngara nikaita aironi, kumbe hiyo ni kuibiwa tu. Ingekuwa aironi kama aliyeibiwa ndiye alikuwa ametoka kuwaonya wenzake wafunge mifuko. Mpaka leo nikipita Ngara nakumbuka hiyo gredi.

Shosho_Karen: Watoto wa siku hizi hawasomi vitabu. Sisi tulisomea koroboi. Mnyang'anye simu kwanza.

Fundi_Umoja: Mama, ngoja. "Aache nini" hiyo inamaanisha nini? Mtu akibakisha wiki tatu anasoma chochote kinachoshikika. Kuna kitu hujasema.

MamaMitumba: Simu hana, shosho, anatumia yangu. Na hakuna kitu nimeficha, nataka tu asijichoshe.

Fundi_Umoja: Umejuaje kuna kitu hakitakuja?

MamaMitumba: Sawa nitasema. Kuna kijana kwa kundi fulani la wazazi anasema ako na karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE yenyewe, imevuja. Ni 3,000, nimetuma nusu, nusu ingine Ijumaa. Ametuma picha ya ukurasa mmoja, swali la tatu ni insha ya tamthilia ya Ibsen na hakuna aironi mahali popote, ndio nikafikiria aironi aache. Kabla hamjanitukana, mjue watoto wa wengine wako na walimu wa nyumbani jioni na wikendi. Wangu anasomea kwa kitanda cha juu na taa ya simu, wadogo wake wamelala. Nilifanya kile mzazi angefanya.

Wakili_Mtaani: Hapana mama. Matokeo yanaweza kufutwa, na anayeumia ni mtoto, si huyo kijana.

Dj_Pipeline: Mama nitumie namba yake inbox tafadhali, niko na mdogo wangu.

Mwalimu_Donholm: Weka sheria kando kidogo muone hiyo karatasi. Karatasi ya pili ni ya alama 80: ufahamu, dondoo la kitabu teule, shairi ama hadithi simulizi, na sarufi. Insha ya tamthilia huwa karatasi ya TATU. Huyo kijana hata muundo wa mtihani haujui, mama umeuziwa hewa. Na aironi huwezi kuacha na Ibsen yuko mezani. Ile tamthilia yake ya 1879, A Doll's House, Torvald anamwambia mkewe Nora vile mtu aliyeghushi anatia sumu watoto wake mwenyewe, na sisi wasomaji tunajua Nora mwenyewe alighushi sahihi ya babake kupata mkopo. Torvald hajui. Hiyo ndiyo aironi, kinaya cha kidrama kwa Kiswahili, msichana akiielewa hapo hatakariri tena.

Mdadisi254: Samahani lakini hii stori imetungwa. Mtu wa darasa la nane anaandika toni na tamthilia? Huyu ndiye muuzaji. Angalieni, tayari mmoja ameomba namba.

Kaka_Githurai: Eh, sasa hata mimi nimeanza kushuku.

MamaMitumba: Namba sitampa mtu yeyote na nusu ya pili sitatuma. Hayo maneno nimeyanakili kwa daftari yake, nimeishikilia hapa, ile ya kurasa 96, kava imeshikwa na selotepu, nyuma amechora saa ya mtihani na mishale. Ukitaka kuniita mwongo niite, lakini nijibiwe kuhusu mtoto.

Mwalimu_Donholm: Mdadisi, acha mama. Ya insha: utangulizi alama 2, hoja nne za alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Kila hoja iwe na dai, tukio la kitabuni, kisha aeleze vile tukio linathibitisha dai. Hoja bila tukio ni kelele. Kila jioni hoja moja tu, akusomee kwa sauti, wewe umuulize "umejuaje?" Hilo swali halihitaji masomo.

MamaMitumba: Nimemuuliza saa hii. Nikamwambia atunge kitu kuhusu mimi. Amesema "Mama ni mwavuli uliotoboka lakini bado tunakaa chini yake." Hiyo ni gani?

Fundi_Umoja: Haina "kama". Metafa hiyo.

Mwalimu_Donholm: Metafa. Sasa muulize umejuaje.